Bi. Swaumu na Hamira Iliyokataa Kufa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bi. Swaumu Mwinjuma, fundi sanifu wa maabara ya shule yetu hapa Kibaha, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alianzia Kisarawe, katika shule yenye hadubini moja tu, ambayo alikuwa akiifungia kwenye kanga isipate vumbi. Kwetu alihamia mwaka 2003. Tangu hapo hajavunja chupa hata moja, ila mbavu zetu amezivunja mara nyingi.

Mwaka huu alitamani jambo moja kabla ya kuondoka: aone wanafunzi wakifanya jaribio bila yeye kugusa kitu, kwa sababu mrithi wake hajapatikana. Klabu ya sayansi ikachagua hamira. Seli zake zikipashwa joto kiasi kwanza, hutengeneza protini za kujilinda, na joto kali likija baadaye nyingi hupona. Sisi tukaongeza letu. Kwa kuwa kila wiki tunapewa vidonge vya kuongeza damu, tuliamini madini ya chuma yaliyomo yataipa hamira nguvu, tukasaga kidonge kizima tukaichanganyia.

Tulipokwisha kuipitisha kwenye joto kali na kutia rangi ya kupimia, seli zote ziligeuka buluu, yaani zimekufa. Bi. Swaumu alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani wanangu! Kidonge cha mtu mzima mnampa kiumbe asiyeonekana kwa macho?" Kisha akatueleza kwamba seli haiishi bila chuma, lakini kikizidi huzalisha kemikali zinazoiunguza kwa ndani, na zile protini huzidiwa. Kipimo sahihi hakututajia. Alisema tukitafute.

Tulikitafuta wiki tatu, mpaka seli nyingi zikapona. Siku ya maonyesho ya mkoa, jaji alitilia shaka matokeo yetu, akataka tuhesabu upya mbele yake. Bi. Swaumu alirudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni. Hamisa wa kidato cha tatu akainamia hadubini. Kati ya seli hamsini, arobaini na tatu hazikushika rangi: zilikuwa hai. Jaji akahesabu mwenyewe. Arobaini na tatu! Tukawa wa kwanza, na Bi. Swaumu akashindwa kupiga makofi kwa kutafuta leso.

Asante, Bi. Swaumu, kwa kutuachia kosa letu mpaka tukalirekebisha wenyewe. Jumatatu kidato cha kwanza wanaanza kutumia hadubini, na atakayewaongoza ni Hamisa. Pumzika bila wasiwasi, mama yetu, na Mungu akujalie afya na miaka mingi ya furaha.