Barua ya Watu Kumi na Saba

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mama Carmel, uliyetutafutia kompyuta nane tulipokuwa na moja tu, tena mbovu. Mchungaji Gadiel, mwenye ukumbi huu. Shehe Machano, uliyeacha shughuli zako Chatsworth ukaja kutuombea dua. Mwalimu wetu Honoré. Wahitimu wenzangu wa darasa la Jumamosi hapa Greyville, na nyinyi wageni waalikwa mliotembea kwa miguu kutoka mtaa wa Point kwa sababu taxi zimegoma tena: kama kuna niliyemruka, anisamehe. Leo nitaomba msamaha zaidi ya mara moja.

Mimi ni Ernestina Komba, muuza mitumba. Wenzangu wamenichagua nitoe shukrani kwa niaba yao. Nimefurahi, na nimeogopa pia, kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni mwaka mzima, na sitashuka hapa kabla sijalisema. Ila shukrani kwanza.

Mwalimu Honoré, tulikuja kwako hatujui hata kuwasha mashine. Mimi nilishika kipanya kwa mikono miwili, nikaambiwa hakiumi. Ulitufundisha kuandika, kutafuta habari, na kutambua tangazo la uongo la kazi kabla halijatula. Hukutucheka. Siku uliyocheka, tulicheka wote, na ndiyo siku ninayotaka kuizungumzia.

Mwaka jana chuo kimoja hapa mjini kilitangaza nafasi za kozi ya ulezi wa watoto. Kila mwombaji aandike barua kueleza kwa nini anaitaka. Dada Antoinette, aliyeketi pale mbele na kitambaa cha bluu, aliiandika yake kwa majuma matano, kamusi mapajani. Aliandika kwamba alifundisha chekechea Bukavu miaka sita, na kwamba ana mapacha. Ilikuwa barua nzuri, jamani! Akaihifadhi kwenye kompyuta ya darasa akaenda zake nyumbani.

Sasa nyinyi mnatujua sisi wa ugenini huku kusini mwa Afrika. Chumba kikipatikana, tunatumiana. Kazi ikipatikana, tunatumiana. Je, barua nzuri ikipatikana? Ilipigwa picha ikatumwa kwenye group letu kwa simu ya darasa, ile ambayo kila mtu anaishika, bila jina chini. Siku mbili baadaye chuo kilikuwa na barua kumi na saba kutoka Greyville na Point, na waombaji wote kumi na saba walifundisha chekechea Bukavu, na wote wana mapacha. Mmoja wao ni Nasibu, fundi simu, kijana wa Tanga ambaye hajaoa na hajawahi kufika Kongo hata kwa ndoto!

Chekeni, hata Mwalimu alicheka. Lakini chuo hakikucheka. Kilizikataa zote, na ya Antoinette ikiwemo, kwa sababu kingejuaje ya kweli ni ipi? Mwanamke huyu alipoteza mwaka mzima, akafua nguo za watu, kwa sababu maneno yake mwenyewe yalionekana ya kuiba.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuja na beseni la kuoshea nywele, la saluni ya jirani, akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kongo chenye Kifaransa, "Simu zote humu ndani. Donc, basi, kila mutu anaambia jirani yake maisha yake, kisha anaandika. Hii lettre ilikuwa muzuri sana, lakini ilikuwa ya Antoinette. Yako iko wapi?"

Nilimwambia jirani yangu habari za wanangu. Kisha nikaandika: sijawahi kufundisha mtoto yeyote, lakini nimelea wanne chini ya meza ya mitumba. Kiingereza kilikuwa kibovu, ila kilikuwa changu. Kwa barua hiyo nimepata nafasi mwaka huu, na Antoinette kapata yake. Tunaanza pamoja mwezi ujao.

Binti yangu aliniambia hotuba hii mashine ya akili bandia ingeiandika kwa sekunde kumi. Ni kweli, na mimi naitumia. Inanisahihishia Kiingereza, na sioni aibu. Lakini tunasoma ili iweje? Ili tupate kazi, ndiyo. Mimi nadhani tunasoma pia ili mtu aweze kusimama akaeleza alilolifanya, akaweka jina lake. Mashine isingejua ninalotaka kusema sasa.

Kwa sababu baada ya mkasa ule watu walitafuta wa kumlaumu, wakamwona fundi simu. "Eish, nani mwingine anaweza mambo ya simu?" Nasibu aliapa, hakuna aliyemwamini. Akaacha darasa miezi minne. Katika miezi hiyo hiyo kioo cha simu yangu kilipasuka, nikampelekea, akakitengeneza, akakataa pesa. "Wewe ni mama yetu," aliniambia. Nilirudi nyumbani nikalia.

Mwalimu, wewe ulijua. Jioni ile barua ilipotumwa, ulipokuja kuzima mashine, ulikuta kwenye ile niliyokuwa naitumia barua ya Antoinette iko wazi, jina limefutwa. Hukunitaja kwa mtu. Uliniambia tu, "Mama, siku utakuwa tayari, utasema." Umeningoja mwaka mzima, na kwa hilo nakushukuru kuliko kompyuta zote.

Dada Antoinette, sikukusudia ubaya. Niliona wenzetu wamekwama na siku ya mwisho imefika. Lakini jina lako nililifuta kwa kidole changu, na nilijua ninafanya nini. Usinijibu leo. Leo ni siku yako, kula keki.

Nasibu, mwanangu, simama watu wakuone. Huyu hakuituma barua ile. Niliituma mimi, Ernestina Komba.

Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu.