Vijiko Viwili Badala ya Chakula cha Mchana

Kwenye treni ya asubuhi, mchuuzi wa poda ya asidi amino alikuwa akimsomesha mama mmoja, mpakiaji wa kiwandani kwetu. "Hiki ni chakula tu, mama. Mwili hauwezi kuzitengeneza hizi, lazima uzile."

"Mdogo wangu figo zake mbovu," mama akasema. "Daktari kampimia hata maharage. Kopo lako lenyewe limeandikwa mgonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Msimamizi wetu kiwandani anamnywesha vijiko viwili vya poda yako, halafu anatufutia wote saa ya chakula. Wiki nzima anatapika."

"Tumbo huchafuka mwanzoni," mchuuzi akasema. "Mwenye afya hadhuriki." "Na wewe uliuliza nani ana afya?" mama akamuuliza. "Mimi nauza tu, mama."

Neno hilo nalijua. Kiwanda kilipotugawia maziwa badala ya barakoa za vumbi, aliyeyaleta naye alikuwa anauza tu. Wenzetu tuliowazika kwa vumbi hilo hawakumdai risiti.

Treni ikasimama mbele ya lango la kiwanda. Mchuuzi akainama kuchukua boksi lake la makopo ya kumpelekea msimamizi, akakuta mama ameshalikalia.

"Subiri, baba," akasema. "Niko kwenye saa yangu ya chakula."