Firigisi Tulimpa, Ukuta Hatukumpa

Mgeni rasmi, mheshimiwa afisa wa ujenzi, hizo nyundo unazozisikia nyuma yetu si za kukushangilia. Ni za mafundi wa jirani yetu, Elkanah. Asubuhi hii tumemwomba awanyamazishe angalau ukiwa hapa. Amenijibu mimi katibu, "Mama Clifford, mgeni ni wenu, kazi ni yangu. Mkichoka na kelele, hameni." Tumemwambia, "Hama wewe, uliyetukuta hapa."

KARIBU

Karibu Shirere. Umekuja kuzindua taa za barabara yetu, na tunashukuru. Lakini taa zitamulika nini, nyumba zikituangukia?

HISTORIA

Sisi ni familia sita na nyumba zetu zimeshikana. Ukuta wa nyuma tuliujenga pamoja na mwenye ploti ya upande wa pili, nusu kwake, nusu kwetu. Mapaa yetu yameukalia. Elkanah aliponunua ile ploti, alinunua na makubaliano hayo, yameandikwa na kutiwa sahihi.

MAFANIKIO

Tumechimba mtaro na kuweka lango. Yatosha. Hatukukuita tujisifu.

CHANGAMOTO

Mwezi jana Elkanah alikuja kwa Osiako, mwenyekiti wetu. Tulimchinjia ingokho, kuku wa nyumbani, tukamwekea firigisi, heshima ya mgeni mkubwa. Akiwa anatafuna akauliza, "Jirani, nikigusagusa ukuta kidogo nijenge vyumba vya wanafunzi, kuna neno?" Osiako, mdomo umejaa obusuma, ugali wetu, akasema, "Ukuta si ni wetu sote?"

Kosa letu ni hilo. Tuliona haya kumkatalia mtu akiwa mezani petu. Sasa anatangaza kwamba tulikubali mbele ya mashahidi. Firigisi tulimpa. Ukuta hatukumpa.

Ametoboa mashimo kumi na moja ya kuingizia mihimili ya ghorofa. Kwa Pascalia ufa umepita juu ya kitanda cha mapacha wake, na mkono unaingia. Tulipomwita fundi wa Elkanah aone, alicheka: "Mama, hiyo ni hewa ya bure." Mapacha sasa wanalala jikoni.

Sheria unaijua kuliko sisi. Ukuta wa pamoja haukatwi, hauinuliwi wala haubebeshwi mzigo na mmoja bila idhini ya mwenzake kwa maandishi, na bila ramani iliyopitishwa. Anayeharibu hurekebisha. Tuliomba kuona ramani. Elkanah akajigusa kipaji kwa kidole, akasema iko kichwani.

OMBI

Tulikuwa tumeandika maombi matano. Tumeyafuta manne. Andika amri ya kusimamisha kazi hiyo, leo, kwa mkono wako, kabla ya soda.

Na kwa kuwa mhimili wa kwanza unaingizwa saa hii, tulipokuwa tukipanga viti tumeamua kwamba hatungoji. Hakuna wimbo baada ya risala. Kinamama, simameni. Kila mtu na kiti chake, tukaketi kati ya mafundi na ukuta. Pascalia, tangulia. Osiako, beba na kiti cha mgeni rasmi.

Mgeni rasmi, Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe miguu ya kutufuata.

Tumeondoka.

Ni sisi,
Familia Sita za Ukuta wa Nyuma, Shirere.
Imesomwa na Dorothy Ayuma, katibu.