Dama Aliandika Herufi Sawasawa

Mgeni rasmi Bwana Maxwell, mkurugenzi wa kampuni inayotuletea mtandao. Wazee wetu na majirani: Assalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

KARIBU
Tumefurahi umekuja mwenyewe Mji wa Kale kutufungulia laini mpya. Nasoma kwa niaba ya wenzangu.

TULIKOTOKA
Sisi ni wanawake wanne wa saiba, duka la kompyuta na mtandao, iliyo nyuma ya Ngome ya Yesu. Tuliishia darasa la nane. Kwa kuogopa kukosea tulijiwekea desturi: mteja hutusomea jina la tovuti herufi moja moja, tunaandika, tunamrudishia kwa sauti, ndipo tunabonyeza.

TULIYOFANIKIWA
Miaka mitano, hakuna fomu ya pasipoti iliyorudishwa kwa kosa letu.

YANAYOTUSUMBUA
Mwezi uliopita alikuja Bi Nabiha, huyu aliyeketi mbele, kujaza fomu yake ya pasipoti. Dama, mmoja wetu, akamwambia, "Haya mama, nisomee." Akacheka, "Herufi zenyewe kama chawa, mwanangu!" Lakini alizisoma zote kwenye karatasi yake, nazo zilikuwa sawa. Ukurasa uliofunguka haukuwa wa serikali. Ulichukua namba ya kitambulisho chake na jina la mamake. Sasa watu asiowajua humpigia simu wakimwita kwa majina yote matatu. Yeye anasema Dama kauza siri zake. Jumatatu Dama anatakiwa kituo cha polisi.

Kosa letu tunalikubali: tuliamini masikio, hatukutazama kile kikufuli kidogo kando ya jina, kinachoonyesha ukurasa ni wa kweli. Lakini tulijaribu jina lilelile kwa simu yenye laini nyingine, ukaja ukurasa wa kweli. Kwa laini yenu tunayotumia sasa, wa uongo. Mara tatu.

Tulipowaarifu, mlitujibu kwamba kompyuta zetu zina virusi. Baadaye fundi wenu mmoja, ambaye tunaomba asitafutwe, alitueleza: mashine yenu inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya mahali ilipo ina tundu, na mtu kapenyeza namba yake humo. Kiraka cha kuliziba mnacho. Kimewekwa kando mpaka sherehe hii ipite, maana kukitia ni kuzima mtandao saa nzima.

TUNAYOOMBA
Zimeni leo. Hiyo saa moja tutakunywa kahawa, kungoja tumezoea. Tangu siku ile fomu zinazotaka kitambulisho hatuzijazi, na kila mteja akibonyeza roho zetu ziko juu.

Pia tunaomba barua ya kwenda kituoni kabla ya Jumatatu, iseme kosa lilikuwa wapi. Na kabla hujakata utepe, mwambie Bi Nabiha kwa mdomo wako kwamba Dama hakuuza siri zake. Maneno yetu hayaamini tena, wewe atakuamini.

Viti hivi Dama ndiye aliyevipanga asubuhi. Sasa yuko nje, mlangoni. Anaogopa akiingia Bi Nabiha atainuka aondoke.

Mungu akujalie afya, wewe na watu wako, na akufanyie wepesi maneno hayo machache.

Ni sisi, wahudumu wa saiba ya nyuma ya Ngome:
Mbeyu, msomaji
Priscah
Mbodze
na Dama.