Swali Lililobaki Kwenye Kanda ya Fundi Waya

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, kitinda mimba, kazi ya kusoma historia ya kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Waya, na ingawa shule niliishia darasa la sita, kwa kusimulia sijaona wa kunifikia, ila leo nimemwapia binti yake kwamba sitaongeza chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza kati ya watano, mimi sikuwepo lakini nasimulia kuliko waliokuwepo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha chuo cha ufundi hadi Novemba 1974, na Januari 1975 akaajiriwa kwenye karakana ya redio na televisheni, akakalia meza ileile ya dirishani miaka arobaini na moja.

Tarehe 6 Desemba 1983 alifunga ndoa na shemeji yangu, mpiga chapa, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, wakajaliwa binti mmoja tarehe 2 Mei 1986, mwaka uleule marehemu alipoleta kompyuta ya nyumbani, zile za zamani zilizokuwa kibodi tupu, unaichomeka kwenye televisheni, na programu unaihifadhi kwenye kanda ya kaseti, ambayo ukiicheza redioni inalia kama nyenje waliogombana.

Shemeji aliizoea kuliko fundi mwenyewe. Julai 1991, wiki moja kabla ya kulazwa, aliandika programu, akaihifadhi kwenye kanda, akamwambia mumewe aifungue akiwa peke yake, na tarehe 9 Agosti akafariki. Kaka hakuthubutu kuifungua, kila akiulizwa anasema bado, hadi mwaka 1993 umeme ulipokuja kwa nguvu ukaiunguza mashine, na vipuri vyake vilikuwa havitengenezwi tena.

Hapa niliambiwa niruke, siruki. Mwaka 1995 niliikuta kanda ile kwenye droo, nikaisikiliza, nikasikia makelele, nikasema hii imeharibika, nikajirekodi humo nikitangaza mpira, mchezaji mimi, mfungaji mimi, mtangazaji mimi, kisha nikairudisha, na nilipokuja kuambiwa ilikuwa na nini, nikanyamaza kama maji mtungini.

Mwaka 2019 marehemu, akiwa amestaafu, alianza kuijenga upya mashine ile, kwa michoro ambayo mafundi wa mbali wameiweka wazi mtandaoni, yeyote achukue, atengeneze, arekebishe, akalehemu bodi mpya na chipu za siku hizi, mguu mmoja baada ya mwingine, macho yakiwa yameingia ukungu, na tarehe 17 Septemba 2022, saa kumi jioni, akaicheza kanda mbele yangu. Nyenje wakalia, wakakatika ghafla, ikatoka sauti yangu ya ujana ikishangilia bao langu la tano. Kaka hakunitukana, aliniuliza tu, mdogo wangu, na hiyo mechi mlishinda?

Kilichopona ni kipande cha mwanzo, akakihangaikia wiki tatu, kikaandika kwenye kioo, UMERUDI?, kikangoja, naye akaandika NIMERUDI, lakini jibu la shemeji lilikuwa chini ya mabao yangu. Tangu hapo kila jioni aliulizwa, akajibu, akangoja, na binti yake anasema alikuwa akivuta kiti cha pili.

Februari 2024 aligundulika na maradhi ya figo, akalazwa mara tatu, akafariki Jumanne tarehe 11 Juni, saa mbili asubuhi. Jana nilikwenda kuichomoa mashine, nikaikuta inawaka, UMERUDI?, binti anaapa hakuigusa, labda kaka aliiacha hivyo, na mimi niliyewadanganya wengi wenu hapa, vidole vilikataa kuandika uongo, nikavuta mlango taratibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi msibani, wenzake wa karakana, na mafundi wale wa mbali waliotoa michoro bila kumjua atakayeitumia.

Kaka, jibu nililolifunika mimi, aliyeliandika yuko huko. Umerudi. Kiti chako kimevutwa, pumzika kwa amani.