Chachu ya Zabibu Iliyopanda Ghafla

Sogeeni, wanangu, na msikae mmoja kichwani mwingine miguuni kama watu waliokuja kupima jeneza. Kaeni upande mmoja, maana shingo ndiyo kiungo pekee ambacho bado kinanitii na sitaki kukichosha. Nawe, kitinda mimba wangu, acha kulia kwanza. Sijafa, na nikifa utataka machozi yawe yamebaki.

Habari ya mali haina marefu. Nyumba ni ya dada yako, tanuri na chumba cha mbele chenye dirisha la kuuzia mikate ni vyako wewe, mwanasheria anajua, na atakayekwenda kumwuliza kama mama alikuwa na akili timamu aambiwe kwamba akili ndiyo iliyosalia nyuma kufunga milango. Lakini kuna kitu kimoja mwanasheria alikataa kukiandika. Alicheka, akaniambia, "Mama, unga uliochacha hauwezi kuwa mirathi." Nikamwambia mkate anaonunua kwetu kila asubuhi umeinuliwa na unga huohuo uliochacha. Hakucheka tena, ila hakuandika.

Chachu ile niliianzisha mwenyewe, hamira ilipoadimika madukani na tanuri la marehemu baba yenu likapoa, nami ni bi harusi mwenye shahada ya chuo kikuu isiyoweza kuinua hata donge moja la unga. Nilichukua zabibu kavu nikaziloweka, na bibi yenu akawatangazia majirani, "Msomi wetu anatupikia pombe." Ilipopanda, yeye ndiye aliyekata mkate wa kwanza, akala kipande cha pili, na neno pombe halikusikika tena katika nyumba hii. Chachu hiyo ndiyo iliyowalea. Msijidai mlilelewa na busara zangu.

Kisha nikalazwa, nawe kifungua mimba wangu, muuguzi uliyezoea kuchemsha kila kinachoshikika, ukaja kunisafishia jikoni, ukakuta chupa ya chachu, ile ya mdomo mpana, ina maji ya kijivu juu na harufu ya soksi, ukaimwaga, ukaichemsha chupa, ukairudisha kwenye rafu inang'aa kama jicho la mtoto. Kwa mapenzi, najua. Hakuna kinachoua kimyakimya kama usafi wa mtu anayekupenda. Ndugu yako akakwambia, "Umemuua mama," neno ambalo hata kama mtu analifikiria hulimeza, na tangu siku hiyo mnasalimiana kupitia kwangu. "Mwambie mwanao chai iko tayari." "Mwambie binti yako nimeshakunywa." Nami nalala hapa katikati kama ofisi ya posta.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Jembe nitalishikaje, mimi nisiyeweza kushika kijiko? Nikawaambia muianze upya, nyinyi wawili, kwa zabibu, jikoni humo humo. Mkatii. Lakini mlango wa chumba hiki mliuacha wazi kwa huruma, nami nikasikia kila kitu. Nilisikia bomba likifunguliwa, nikajua binti yangu anaosha zabibu. Nikaita! Uhai wa chachu uko kwenye ganda la tunda, kwenye ule utando mnaoudhani uchafu. Nikaita tena, sauti ikaishia kwenye shuka. Mpaka mtu alipokuja kunigeuza ubavu, zabibu zilikuwa safi na hazina kazi.

Kwa hiyo sikilizeni, hii ndiyo sehemu ambayo mwanasheria hakuitaka. Zabibu zisizopakwa mafuta, zisioshwe. Maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Funikeni kwa kitambaa, siyo kifuniko, ipumue. Zikielea na maji yakaanza kutoa povu, chujeni, changanyeni maji hayo na unga mpaka pawe na uji mzito, na kila siku mmwage nusu muilishe unga mpya. Itapanda mapema, mtashangilia, kisha itanyamaza. Hapo ndipo watu wengi huitupa. Msiitupe, ilisheni hivyo hivyo, ingawa haiwashukuru.

Yenu, ya zabibu zilizooshwa, ilinyamaza tu. Nilimsikia mmoja akisema pale mlangoni, "Hatawahi kuiona." Simtaji, na alisema kweli.

Halafu asubuhi ya leo mkaingia wote wawili, chupa mmeishika pamoja, unga umefika mdomoni, mkasema kwa sauti moja, "Mama, imepanda!" Jana ilikuwa imelala kama maji ya mtaroni. Nyinyi msioazimana hata kijiko mkasema kwa sauti moja, na hilo ndilo lililonitia shaka, siyo chupa. Hamira ya dukani nayo hupandisha hivyo, kwa asubuhi moja, bila adabu.

Mkaniletea puani. Pua hii iliwahi kujua, nikiwa chumba cha pili, kama chachu imeshiba au ina njaa. Ya zabibu hunuka tufaha bichi, ya hamira hunuka bia iliyolala. Nikavuta pumzi, sikusikia kitu. Si chupa, si dawa zangu, si jasho lenu. Ugonjwa ulikuwa umeshaibeba na pua. Nikasema, "Nzuri." Mimi, niliyewafukuza wageni kwa kusifu mkate kwa adabu tu!

Msinijibu. Mkisema ni zabibu sitajua, mkisema ni hamira mtakuwa mmeniambia ukweli nisioweza kuufanyia chochote. Njia ya mwongo ni fupi, walisema. Yangu ni fupi zaidi.

Kama ni zabibu, ilisheni. Kama ni hamira, itawafia kabla wageni wa msiba hawajaondoka. Basi nunueni zabibu nyingine muanze, na asiambiwe mtu. Tanuri lisizimwe kwa ajili yangu. Na asisimame mtu kusema nilikufa nikitabasamu, nina maumivu... nina maumivu mengi, wanangu, na sijui kama mtasemezana kesho, na hakuna ninaloweza...

Nipeni maji. Basi, yatosha.

Mungu awaweke. Awape unga usioisha na... na subira ya kungojea. Watoto wenu wawazike nyinyi, msiwazike wao. Nipe mkono. Huu ni wa nani? Una unga. Nimeshindwa kuutambua... la, usiniambie. Mwingine ushike hapo hapo, juu yake. Hivyo.

Msiachie kwanza.