Saa ya Buluu Inayomsubiri Mwenyewe

Baada ya miaka thelathini na mitatu kwenye meza ileile karibu na dirisha, fundi saa wetu mkuu, ambaye hata meneja humwita Shangazi, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28.

Alianza kwa kubadilisha betri na mikanda. Siku hizi saa za kifahari zilizoshindikana kwingine huishia mezani kwake. Amefundisha mafundi sita, mimi nikiwa wa mwisho na, kwa maneno yake, mwenye vidole vizito kuliko wote. Muda wote huo hajavaa saa kazini, akihofia mkanda wa chuma usije ukakwaruza kioo cha mteja. Kwa hiyo fundi saa mkuu humwuliza mlinzi ni saa ngapi, mara tatu kwa siku, na wateja huvunjika mbavu.

Saa ya majini haitoki kwake bila kuzamishwa kwenye bilauri ya maji mbele ya mwenyewe. Bwana mmoja alikuwa na saa ya wazamiaji, na bado aliivua kila akinawa mikono. Shangazi alipoitumbukiza, bwana wa watu alifumba macho. Alipoyafumbua, saa ilikuwa inatembea na risiti imeshaandikwa.

Wiki tano zilizopita alipokea kazi yake ya mwisho: kronografu ya kifahari iliyokwisha kutumika, uso wa buluu, nanga ndogo kwenye kifuniko cha nyuma, vitufe vya kupimia muda vimeganda kwa chumvi. Tikiti haikuwa na jina. Shangazi alimpa mwenyewe vidonge vyake, ingawa hakuwapo, kwa kuiacha saa iliwe na chumvi. Shangazi akaisafisha gurudumu kwa gurudumu, akabadilisha mipira ya kuzuia maji, mpaka mshale wa sekunde ukakimbia tena. Siku hiyo alikiri kwamba hajawahi kuipenda saa ya mtu kiasi hicho.

Tangu hapo hana raha. Kila saa huikabidhi kwa mkono wake, na huyu mtu haji. Jana aliomba ruhusa arudi Jumatatu, akiwa mstaafu, aendelee kumsubiri. Roho iliniuma kunyamaza.

Shangazi, usije Jumatatu. Saa hiyo tuliinunua sisi, tukakupa uitengeneze kwa kuwa hatukumwamini fundi mwingine yeyote, nami nikiwemo. Ahsante kwa kutuvumilia. Bilauri iko mezani, na mwenyewe amefika: ni wewe. Tunakutakia maisha mema, na mtu akiuliza ni saa ngapi, safari hii ujibu wewe.